Ametulia kwa Ajili ya Nani?

Huku kwetu Kyerwa, tangu siku zile tulipokuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe kabla ya kugawanywa mwaka 2012, mgonjwa wa akili husifiwa kwa neno moja: ametulia. Nami nilikuwa miongoni mwa waliolisema kwa furaha.

Binamu yangu ana skizofrenia. Zamani alibeba gunia la kahawa ya maganda akapanda nalo mlima bila kupumzika. Alipoanza kusikia sauti, nguvu zile zile tulizozisifu zikawa tishio. Wanaume wanne ndio waliomfunga kamba. Baadaye alipata dawa, sauti zikapungua, akaketi. Akaketi kweli: asubuhi chini ya migomba, jioni hapo hapo, tumbo likizidi kukua. Tukamshukuru Mungu.

Kisha akaanza kutembea kwa miguu hadi Nkwenda na kurudi. Niliogopa. Nikampeleka kliniki, nikamwomba tabibu amwongezee dawa.

"Mzee, kwani amefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa ametembea tu.

Tangu siku hiyo najiuliza: tulikuwa tukimtibu yeye, au hofu yetu? Sisemi dawa ziachwe. Aliyemwona mtu akigombana na sauti usiku kucha hawezi kutamka upuuzi huo. Lakini baadhi ya dawa hizo huongeza njaa na uzito, na nyingine hukaza misuli, mtu akawa mzito wa mwendo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, wengi kwa maradhi ya kawaida kama ya moyo. Mwaka 2018 likatoa mwongozo kwamba wasaidiwe pia katika chakula, mazoezi na kuacha tumbaku. Basi huyo tunayesema ametulia huenda anakwisha polepole, nasi tumeridhika kwa kuwa hapigi kelele.

Wengine watasema: mpeni jembe. Nchi yetu iliwahi kuwa na vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama kile cha Hombolo, Dodoma, na wazo lenyewe silidharau. Ila jembe lina hila yake. Wapo jamaa (nawajua, tunasali pamoja) wanaomlimisha mgonjwa kibanja kizima, na ujira wake ni sahani ya ndizi. Mwili wake una nguvu, hapana shaka. Lakini nguvu hizo ni mali ya nani?

Ilinichukua miaka kumwuliza binamu yangu anachotaka mwenyewe.

"Kaka, kulima kwako sitaki. Nataka kutembea. Nikipanda mlima, sauti hupungua."

Sasa tunakwenda pamoja kila Jumamosi. Wiki iliyopita pumzi ziliniishia katikati ya mlima. Alikaa juu ya jiwe, akanisubiri.