Kishikwambi Pekee Hakitoshi

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, serikali ya Tanzania iliamua vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vigawiwe walimu. Niliufurahia uamuzi huo, na hadi leo nauunga mkono. Lakini kifaa kikishafika mkononi ndipo kazi inapoanza: kumwandaa mwalimu.

Kufungua programu na kutafuta video watoto wetu wanajifunza wenyewe kwa simu za wazazi. Wasichojifunza wenyewe ni kuhoji wanachokiona.

Namfahamu mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya kata anayelifundisha hilo kwa kishikwambi kimoja na darasa lililojaa. Nilimshuhudia akiwasomea wanafunzi ujumbe uliokuwa ukizunguka WhatsApp, kwamba maji ya vitunguu saumu yanatibu malaria, na kila aupataye awatumie watu kumi. Kisha akaandika ubaoni: Nani kaandika? Ushahidi uko wapi? Kwa nini anatuharakisha? Binti mmoja akasema mama yake aliusambaza asubuhi ile. Hakuna aliyecheka. Wakajadili namna ya kumweleza mama bila kumvunjia heshima, na kumsihi awahi kituo cha afya mtu akishikwa na homa.

Somo lile mwalimu alilitengeneza na wenzake katika MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo hufanyika shuleni kwao. Mmoja huandaa, wengine humkosoa, kisha analijaribu darasani na kurudi na majibu. Semina ya siku mbili mjini ina faida yake, ila mwalimu akikwama wiki inayofuata mwezeshaji hayupo. Mwenzake wa darasa la jirani yupo.

Utaratibu huo unadai unyenyekevu. Mwalimu mwenye miaka mingi kazini akubali kuelekezwa na kijana aliyeajiriwa juzi, na kijana naye akumbuke kwamba mkubwa wake anajua kumfikia mtoto mzito wa kuelewa, ujuzi ambao haumo ndani ya kifaa chochote. Mkuu wa shule aketi nao kama mwanafunzi, asije kukagua tu.

Unadai pia muda. Mwalimu mwenye vipindi vingi na rundo la madaftari ya kusahihisha hawezi kujifunza kwa kuibia dakika. Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa shule ni moja: saa ya walimu kujifunza pamoja iingie kwenye ratiba, na ilindwe kama tunavyolinda saa ya mtihani.