Usingizi wa Kibua

Nyumba ile ya Mbagala ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, choo na bomba uani. Ukiingia chumbani na kufunga mlango unajiona uko peke yako, kumbe ukuta umeishia usawa wa dari, na dari yenyewe ni silingibodi tu. Juu yake kuna uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza hadi cha sita, umefunikwa na bati. Anayekohoa chumba cha mbele anapewa pole chumba cha nyuma. Nilipanga pale miaka mitatu, chumba cha mwisho karibu na uani, na kila nikisikia majirani wamegombana kwa kelele za usiku, namkumbuka mpangaji mwenzangu tuliyemwita Kibua.

Jina lilitokana na kazi. Alfajiri alikuwa anakwenda Feri kununua samaki mnadani, kisha anarudi kuwauza mtaani, deli nyuma ya pikipiki. Mtu wa Feri hulala saa tatu usiku. Akichelewa sana, saa nne. Kwa hiyo ngoma ilipoanza kulia usiku, saa tano hivi hadi saa saba, aliyeumia kuliko wote alikuwa yeye. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana namlaumu bure: Kibua alikuwa na haki.

Haukuwa muziki hasa. Ilikuwa besi. Dum, kimya. Dum-dum, kimya. Sauti nyembamba hufa ikikutana na tofali, lakini besi hupita, hutetemesha bati, ikakufuata hadi kwenye mto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele ya mfululizo chumbani mwa mtu anayelala isizidi desibeli 30, yaani kama mnong'ono, na kishindo cha mara moja moja kisizidi 45. Tena desibeli hazihesabiwi kama nyanya: zikiongezeka 10 tu, sikio linaona kelele imekuwa maradufu. Ila mimi naamini kilichomtesa Kibua zaidi ni ule ukimya wa katikati. Masika, mvua ilipiga bati lile lile usiku kucha na sote tukalala fofofo. Mvua haikuweki macho ukisubiri tone linalofuata.

Besi ina ubaya mwingine, nao ni kwamba sikio halijui vizuri inatokea wapi, sembuse katika nyumba ambayo kila sauti hupanda juu ya dari kisha ikashukia popote. Kibua aliamua inatoka kwa Ticha. Chumba cha Ticha kilipakana na chake, na Ticha alikuwa kijana. Ushahidi ukawa umekamilika. Hakumwuliza. Alimnunia. Miezi miwili Ticha anasema "Shikamoo kaka", anajibiwa kwa mguno. Maskini, akafikiri kosa lake ni kukwepa zamu ya kufagia uani, basi akaanza kufagia kila siku.

Mwenye kelele alikuwa Fundi, chumba cha mkabala. Mchana alilinda ghala, usiku alitengeneza redio na sabufa za watu. Anafungua, anachomelea waya, anafunga, anajaribu. Mwenyewe akiulizwa angesema amejaribu dakika mbili tu, na angekuwa mkweli. Asichokihesabu ni kwamba dakika mbili hizo zilijirudia mara kumi. Mimi nilijua ni yeye tangu wiki ya kwanza. Niliona mwanga chini ya mlango wake kila nilipokwenda uani usiku. Sikusema kitu kwa Fundi, na kwa Kibua nilisema nikiwa nimeshachelewa.

Alipojua, nilitegemea angevuka ile korido ya hatua mbili. Hakuvuka. Asubuhi walikutana bombani, kila mtu na ndoo yake.

"Umeamkaje, jirani?"

"Salama tu, Fundi. Za kwako?"

Salama! Miezi saba alijibu hivyo, macho mekundu kama ya mvuvi. Malalamiko yote alitupelekea sisi wengine: mimi, mama wa genge, kinyozi, hadi wateja wa samaki. Siku moja nikamwambia, mbona humwambii mwenyewe? Akanitazama kama niliyesema jambo la kitoto. "Mtu mzima haambiwi. Anajua."

Nimelifikiria sana neno lile. Sisi watu wa pwani tumefunzwa kustahi. Jirani ndiye atakayekufungulia mlango ukiugua usiku, humwendei na lawama mkononi. Ni malezi mazuri. Lakini Kibua hakuwa anamstahi Fundi, alikuwa anamwekea. Kila usiku aliandika deni moyoni, na mdaiwa hana habari kuwa anadaiwa. Fundi alikuwa anapata "salama" yake kila asubuhi, analala akijua kuwa ana majirani wazuri.

Siku ya kulipwa ikafika Alhamisi moja. Kibua alikuwa amepitiwa na usingizi alfajiri ile, mnada ukaisha hajafika, akanunua samaki kwa wachuuzi wenzake kwa bei ya kuumiza na kurudi nao nusu wamelegea. Usiku, saa sita na robo: dum. Nikasikia kitanda chake kikilia, kisha mlango, kisha teke kwenye mlango wa Fundi. Neno la kwanza lililomtoka, baada ya miezi saba ya kukaa kimya, lilikuwa tusi la mzazi.

Hapo haki yote ilimwagika. Fundi angeweza kuambiwa "jirani, naamka saa tisa" akaona haya. Ametukaniwa mama saa sita usiku, amesimama na bisibisi mkononi, atajibu nini? Alijibu lililo baya zaidi. Kibua akavuta nyaya, sabufa ikaanguka, karatasi ya spika ikapasuka, redio ikatoa moshi. Mali yenyewe si ya Fundi: ya mshereheshaji mmoja wa Kongowe, mwenye harusi Jumamosi.

Asubuhi tukaitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kibua alikwenda akijiona mlalamikaji. Alipofika akakuta jina lake limeandikwa upande wa pili. Mwenyekiti, mama mtu mzima anayejua kila nyumba, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkata. Kisha akauliza tu, "Ulimwambia lini, mwanangu?" Kibua akaangalia viatu. Kwa mwenye nyumba hakwenda, kwa mjumbe hakwenda, na hata tarehe moja ya usiku wowote hakuwa nayo.

Sheria ilikuwepo upande wake. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake Kanuni za mwaka 2015 za kelele na mitetemo, zinazoweka kiwango cha usiku chini kuliko cha mchana. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi za starehe kwa kelele. Ukipakana na baa au karakana ya mbao, njia yako ni hiyo: andika siku na saa, peleka mtaani, na wakishindwa panda juu. Ila NEMC hawaji korido ya Mbagala kupima sabufa moja. Huko kipimo ni mtu kugonga mlango saa kumi na moja jioni, akiwa ameshaoga na hasira zake zimelala.

Mwenyekiti akatugeukia wapangaji. Nani mwingine anasumbuliwa na Fundi? Tukatazamana. Akanyanyua mkono mama wa chumba cha pili, mwenye kichanga mgongoni.

"Ya Fundi mimi siyajui sana. Mwanangu anaamshwa na pikipiki."

Pikipiki nyumba ile ilikuwa moja. Ekzosi yake ilikuwa imetoboka tangu mwaka uliopita, na kila alfajiri, saa kumi kasoro, ilipashwa moto dirishani kwa yule mama hadi injini itulie.

Kibua akageuka taratibu. "Mbona hukuniambia, dada?"

"Nilidhani unajua, kaka."

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa anaangalia dari ya ofisi.

Hukumu haikuchukua muda. Kibua alipe shilingi laki moja na themanini kwa mafungu. Fundi ajaribu mitambo kabla ya saa tatu usiku, na baada ya hapo atumie spika za masikioni. Jioni ile Fundi alikata kipande cha godoro bovu akakiweka chini ya meza yake. Kazi ya dakika tano. Kibua naye akaanza kuisukuma pikipiki ikiwa imezimwa hadi barabarani. Nilisikia ndala zake zikipita uani, kisha, mbali kidogo, injini.

Deni lilikwisha mwezi wa nane, nusu yake kwa samaki. Siku hizi wale wawili hata sahani huazimana. Ticha, hadi nahama, alikuwa bado anafagia uani kila siku. Hakuna aliyemwambia.