Mzigo na Siku Yake

Nchi ya Unyanyembe, yaani upande wetu huu wa Tabora, ambayo Itetemia ni ikulu ya watemi wake na Kwihara ilikuwa kituo cha matajiri wa pwani na wasafiri wa Kizungu, iliujua uchungu wa mzigo uliochelewa kabla haijajua reli wala simu. Na kila nisikiapo watu wakisema kwamba ahadi zisizotimizwa za wauzaji wa mtandaoni ni balaa jipya lililoletwa na intaneti, fikira zangu huirudia njia ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo penye hongo na kiu, ikaingia Tabora na kuendelea hadi Ujiji, kwa sababu ndani yake mna mafunzo ya biashara ambayo muuzaji wa leo, mwenye duka lake ndani ya simu, anayahitaji kuliko alivyoyahitaji babu yake.

Tarehe 1 Novemba 1870 shehena ya msafiri wa Kizungu David Livingstone, pamoja na mfuko wa barua zake, ilitoka Unguja kwenda Ujiji. Mwendo wa msafara wenye mizigo kutoka Bagamoyo hadi Tabora ulikuwa wa miezi mitatu hivi, na kila mtu alilijua hilo. Lakini msafara ule ulipokwisha kuvuka bahari na kufika Bagamoyo, ulikaa. Ulikaa Novemba, ukakaa Desemba, ukakaa Januari, wala haukushika njia mpaka Februari 1871, wakati John Kirk, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza Unguja, alipokuja Bagamoyo mwenyewe. Ulipowasili Tabora, haukupita muda vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vikazuka, katikati ya mwaka ule ule, na njia ya Ujiji ikafungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliukuta mfuko wa barua ungali hapa Unyanyembe, umeandikwa tarehe yake nje, akauchukua kwa mkono wake hadi Ujiji. Na Livingstone akazifungua barua zile mwishoni mwa mwaka 1871, zikiwa zimetimiza mwaka tangu kutoka Unguja.

Ningepewa kuhukumu shauri hilo, nisingemtia Mirambo hatiani. Vita ni udhuru ambao kila mwenye insafu huukubali. Lakini tukihesabu miezi tutaona kwamba, kama msafara ungaliondoka Bagamoyo mwezi uliofika, ungalikuwa Tabora mwanzo wa mwaka 1871 na Ujiji muda mfupi baadaye, kabla njia haijaziba. Kilichouchelewesha mzigo ule kwanza ni mkono uliokabidhiwa, ambao ulikaa nao pwani penye kivuli na nazi huku saa nzuri ya kusafiri ikipita. Na uchelewaji huo wa mkononi ndio uliouweka mzigo mbele ya hatari za njia ambazo ungeweza kuziepuka.

Miezi michache baadaye, juu ya njia ile ile, likatokea jambo la namna nyingine. Stanley aliagana na Livingstone hapa Unyanyembe tarehe 14 Machi 1872, akiwa amemwahidi kumpelekea watu na mahitaji kutoka Unguja. Alifika Bagamoyo tarehe 6 Mei, na kabla mwezi ule haujaisha wapagazi wa ahadi yake walikuwa wamekwisha kutoka Unguja. Walifika Kwihara katikati ya Agosti, na tarehe 25 ya mwezi huo Livingstone akaondoka nao. Ni kweli kwamba mzee yule alisubiri miezi mitano katika tembe lake, na katika shajara yake alionekana akizihesabu siku kwa hamu kubwa. Walakini miezi mitano ile karibu yote ilikuwa ya njia. Kusubiri kwa namna hiyo humchosha mtu, lakini hakumvunjii imani yake kwa aliyemwahidi.

Wala mtu asidhani kwamba wapagazi wetu wa Kinyamwezi, ambao walibeba pembe na vitambaa vya uzito wa frasila mbili kila mmoja, walikuwa watu wasiojali majira. Walikuwa na kipimo chao kilicho imara: walitoka nyumbani baada ya mavuno, na walitaka warudi mvua zikutanapo na majembe yao shambani. Tajiri aliyejikalia pwani akidhani kwamba mpagazi ni mali yake aliamka siku moja akakuta mizigo ipo na watu hawapo. Waandishi wengi wa Kizungu waliuita mwendo huo utoro. Mimi nauona kuwa ni haki ya mtu ambaye muda wake uliahidiwa kitu kisha ukachezewa, na ningependa wajukuu zao wanaouza asali leo waurithi ukali huo.

Maana leo njia imekuwa fupi kupita kiasi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa reli hiyo Dar es Salaam iko umbali wa kilomita zipatazo 840; barabara ya lami imekuja, na basi litokalo Tabora alfajiri huingia Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwetu mwaka 2008, na tangu hapo fedha ya mteja wa Temeke humfikia mwenye asali wa Tabora kabla hajamaliza kuandika salamu zake. Njia iliyokuwa ya miezi mitatu imekuwa ya kutwa moja; na hata hivyo asali ya Tabora, mchele, karanga, na vikapu vingali vikimfikia mteja baada ya wiki mbili, pamoja na maneno ya kwamba basi lilijaa, kwamba mtandao ulisumbua, kwamba kijana wa bodaboda hakutokea. Nikiwauliza wauzaji ninaowafahamu habari za mzigo fulani, mara nyingi huonekana kwamba basi lilichukua siku moja, na siku zilizobaki mzigo ulikuwa ukumbini mwa muuzaji, ukingoja wenzake wapatikane ili gharama ya kwenda stendi iwe moja. Bagamoyo ya mwaka 1870 imehamia nyumbani mwetu.

Yupo jirani yangu, mama wa makamo, auzaye asali ya miombo kwa WhatsApp na Instagram. Asali yake hutoka upande wa Sikonge, huichuja mwenyewe, huitia katika madumu ya lita tano, hufunga midomo ya madumu kwa utepe, kisha huyasimamisha ndani ya boksi lenye magazeti makuukuu, kwa kuwa asali iliyolazwa katika buti la basi humwagika na kuharibu mizigo ya watu. Kazi hiyo haitaki papara. Kwa hiyo amejiwekea siku mbili katika juma, Jumatatu na Alhamisi, za kwenda stendi, na siku hizo ameziandika juu kabisa ya ukurasa wake, kabla ya bei. Nilikuwapo alipozungumza na kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyetaka dumu lake kwa haraka.

"Shikamoo mama. Nikilipa sasa hivi, kesho naipata?"

"Marahaba, mwanangu. Kesho haiwezekani. Alhamisi naipeleka stendi, Ijumaa asubuhi unaichukua."

"Mbona mwenzako ameniahidi kesho?"

"Basi nunua kwake, mwanangu. Mimi siku yangu ni Ijumaa."

Kijana akalipa. Alhamisi mama akamtumia picha ya risiti ya basi pamoja na namba ya ofisi ya kupokelea vifurushi, na Ijumaa asubuhi dumu likachukuliwa. Nimelisimulia jambo hili dogo kwa kirefu kwa sababu naliona kuwa ndiyo elimu yote ya shughuli hii: mama yule hakuahidi ujasiri wa dereva wala hali ya barabara ya Itigi, aliahidi kwanza kile kilicho mikononi mwake, yaani siku ya kuutoa mzigo nyumbani, na juu ya hicho akajenga siku ya kufika, kwa ujuzi wa mtu aliyekwisha kuituma mizigo mingi juu ya njia hiyo.

Masoko makubwa ya ng'ambo yamelifikia jambo hilo hilo kwa tarakimu. Katika soko la Amazon la Marekani, muuzaji binafsi anayetuma bidhaa zake mwenyewe hutakiwa, tangu Septemba 2024, angalau mizigo 90 katika kila 100 iwe imefika kwa siku iliyoahidiwa. Na mbali na hiyo iko hesabu nyingine, iliyotangulia zamani, inayotaka mizigo iliyochelewa kutumwa isizidi 4 katika kila 100. Anayeshindwa aweza kuzuiliwa asiuze tena bidhaa anazozituma mwenyewe. Kanuni hizo ni kali, na mashine inayozisimamia haimjui mtu aliyefiwa wala aliyeuguliwa. Jambo hilo silipendi, na ningalikuwa muuzaji huko ningelilalamikia kwa nguvu. Lakini katika ukali huo mna tofauti moja ya haki ambayo yafaa tuizingatie: siku ya kutuma ina kipimo chake na siku ya kufika ina kipimo chake, na muuzaji aliyekabidhi mzigo kwa wakati, akafuata utaratibu wa usafirishaji uliowekwa na soko lenyewe, aweza kukingwa asihesabiwe kosa la mchukuzi. Kila mmoja huulizwa juu ya kipande cha njia alichokishika.

Huku kwetu hakuna mizani ya namna hiyo. Jumia, iliyokuwa soko kubwa la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019, na biashara ikabaki katika kurasa za watu binafsi, ambamo muuzaji huwa ndiye mwenye duka, mpima mizani, na kadhi wa kesi yake mwenyewe. Sheria haikunyamaza: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 humtaka muuzaji atimize agizo ndani ya siku 30, isipokuwa wamepatana muda mwingine. Siku 30 ni muda mpana, na sidhani kwamba mama wa asali anauhitaji. Lakini yatazameni vizuri maneno ya kupatana. Aliyesema siku tatu amejifunga kwa siku tatu zake, na wala hawezi kuukimbilia mwezi mzima wa sheria baada ya ulimi wake kumpunguzia.

Wazee wetu waliosoma fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, hawakuona ugeni katika biashara ya kulipa leo na kupokea baadaye. Iliruhusiwa tangu Madina, ambako watu walikuwa wakilipia tende kabla ya mavuno, lakini iliruhusiwa kwa sharti kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Muda uliwekwa safu moja na uzito. Nimelifikiri sana jambo hili, nami nasadiki kwamba ndipo penye kiini cha maneno yangu yote: mtu anayeuza dumu la lita tano akatia lita nne na nusu, jamii nzima humwita mwizi bila ya kusita, bali anayeuza Ijumaa akapeleka Jumatano ya juma la pili humwita mtu mwenye shughuli nyingi. Mimi sioni tofauti ya makosa hayo mawili. Aliyenunua asali kwa ajili ya harusi ya Jumamosi alinunua lita tano na Ijumaa pamoja, na fedha yake ililipia vyote viwili.

Katika njia yetu hii lipo tendo moja la uaminifu ambalo kila mwenye kubeba mali ya mtu angefaa alijue. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, watumishi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao waliuchukua mwili wake kuupeleka pwani. Walipofika hapa Unyanyembe mwezi wa Oktoba walimkuta Cameron, ofisa wa Kiingereza, naye akawashauri wauzike papa hapa. Wakakataa. Mbele ya safari, walipoona kwamba watu wa njiani hawataki maiti ipite katika nchi yao, walitoa habari kwamba imerudishwa Unyanyembe, nao wakaifunga ikafanana na robota la nguo, wakaendelea nayo hadi Bagamoyo, Februari 1874. Hakuna aliyekuwa amewawekea siku, na hakuna ambaye angaliwalaumu kama wangaliuacha mzigo ule Tabora kwa ruhusa ya ofisa. Waliyahesabu makabidhiano kuwa hayajaisha mpaka mzigo uwe mikononi mwa wenyewe. Muuzaji anayesema, "Mimi nimeshatuma, malizana na watu wa basi," anapaswa kuikumbuka habari hiyo. Kosa la basi si lake, kweli. Lakini risiti ya basi iko kwake, jina lililoandikwa pale ni lake, na yeye ndiye mwenye kauli ya kwenda dirishani kuuliza. Mteja aliye Dar es Salaam hana chochote isipokuwa picha.

Na mnunuzi naye ana sehemu yake, ambayo katika malalamiko ya siku hizi haitajwi hata kidogo. Wapo wanaoletewa ujumbe kwamba mzigo umefika, wakauacha katika ofisi ya basi siku nne, jua likaipiga asali, panya wakautoboa mfuko wa karanga, kisha wakarudi mtandaoni kumchafulia muuzaji jina kwa maneno makali mbele ya watu. Wapo waagizao mzigo ulipwe ukifika, na ukifika huzima simu. Na gharama ya kwenda na kurudi humwangukia mama ambaye faida yake katika dumu zima haifikii nauli hiyo. Kama twataka wauzaji wa Tabora watutajie siku ya kweli, nasi tuitaje siku ya kweli ya kwenda kuchukua, tuiandike katika ujumbe ule ule wa malipo, na tukizuiliwa na jambo tuwapigie kabla ya siku hiyo, kama tunavyotaka watupigie sisi.