Je, Kila Kosa la Tabibu ni Kadari?



Nikiwa mwaka wa nne, kwenye mafunzo ya vitendo katika hospitali moja ya wilaya, nilitumwa kumwekea mama mmoja mzee kanula ili apewe dawa. Nilifunga mpira juu ya kiwiko, nikaona mshipa, nikachoma. Nilikuwa tayari nimeshika sindano ya dawa pale sista aliponizuia. "Mwanangu, ngoja. Angalia damu." Ilikuwa nyekundu ya kung'aa, nayo ilirudi kwenye kanula kwa mapigo. Sikuwa kwenye vena. Nilikuwa ndani ya ateri.

Kwa watu wengi, ateri ya alna, ile inayoshuka upande wa kidole cha mwisho, hupita ndani chini ya misuli. Kwa takriban watu 3 kati ya 100 hupita juu ya misuli, karibu na ngozi, pale pale tunapozoea kutafuta vena. Dawa ikiingia humo huelekea vidoleni. Mishipa midogo hujikaza, damu huganda, na mgonjwa anaweza kupoteza vidole au hata mkono. Kinga yake ni ndogo: kupapasa mahali hapo kabla ya kufunga mpira, kwa kuwa mpira ukishakazwa mpigo huweza kupotea. Sikupapasa.

Jioni, baada ya swala ya Magharibi, nilimsimulia mwenzangu. Akanifariji: "Hata lingetokea, ingekuwa kadari ya Allah. Ungejuaje mshipa wake umepita wapi?" Maneno hayo yalinipoza usiku ule. Asubuhi yalianza kunisumbua. Ikiwa Allah ameuumba mwili huu tofauti na kitabu changu, nami nikaudhuru, kosa ni la nani?

Tuanze na neno "kawaida". Mwaka 1966 mtaalamu wa anatomia, Michels, alitoa matokeo ya kuchunguza ateri za ini katika maiti 200. Ni asilimia 55 tu zilizofuata mpangilio wa vitabuni. Basi karibu nusu ya watu hawafanani na picha tunayoikariri! Mshipa wa yule mama haukuwa na kasoro. Ulikuwa umeulisha mkono wake maisha yake yote. Kilichopungua ni elimu yangu.

Wanazuoni wetu walilijua hili zamani. Abd al-Latif al-Baghdadi alikuwa Misri wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1200 hadi 1202. Jalinus, imamu wa matabibu, alikuwa amefundisha kwamba taya la chini ni mifupa miwili. Abd al-Latif alitazama mafuvu mengi, akakuta ni mfupa mmoja. Alimheshimu Jalinus, lakini aliyaamini macho yake kuliko kitabu.

Mafakihi nao wametofautisha. Tabibu mjuzi, mwenye idhini, aliyetimiza wajibu wake, hana dhamana madhara yakitokea. Asiye na ujuzi, au aliyezembea, anawajibika. Kadari imo katika hali zote mbili. Kinachotofautiana ni alichofanya mtu. Sayyidna Umar alipogeuza msafara wake kwa sababu ya tauni ya Sham, hakuona kwamba ameitoka kadari. Kujihadhari kwake nako kulikuwa ndani ya kadari hiyo hiyo.

Mtu atauliza: je, yasiyojulikana kabisa? Kweli yapo. Upande wa kulia wa shingo, neva inayoendesha sauti kwa kawaida hushuka, huzunguka ateri kubwa chini ya shingo, kisha hupanda kwenye koo. Kwa watu wachache, pengine chini ya 1 kati ya 100, haizunguki. Hukata moja kwa moja kuelekea koo. Daktari anayepasua goita bila kulijua hilo anaweza kuikata na kumwacha mgonjwa na sauti iliyokwama. Anayelijua huenda polepole, haukati uzi wowote mpaka autambue. Akishafanya yote hayo na madhara yakatokea, hapo aseme kadari, na moyo wake utakuwa safi. Neno hilo huja baada ya juhudi. Tukilitanguliza, tunamtupia Mola wetu uvivu wetu.

Siku ile nilichomoa kanula, nikabana jeraha kwa dakika nyingi mpaka damu ikakata. Sista akaniambia nimweleze mgonjwa mwenyewe na niandike kwenye faili lake. Nilitamani kunyamaza, lakini nikamwambia: "Mama, nimekosea. Mshipa wako mkubwa umepita hapa juu. Popote utakapotibiwa, waambie."

Akautazama mkono wake, kisha akanitazama. "Haya, mwanangu. Na wewe uwaambie wenzako."

Ndiyo maana nimeandika. Wallahu a'lam.