Kesho Yake Walirudi Wenyewe

Somo: Nehemia 8:1–18

Siku ya kwanza ya mwezi wa saba watu walijaa uwanjani mbele ya Lango la Maji, kule Yerusalemu, wakamwomba Ezra mwandishi alete kitabu cha torati. Wao ndio waliomwomba. Ezra akapanda kwenye mimbari ya mbao akasoma tangu asubuhi hadi adhuhuri, mbele ya wanaume, wanawake, na wote walioweza kusikia na kuelewa. Mimi siamini kwamba watoto waliachwa nyumbani siku ile. Mtoto wa miaka saba anaelewa mengi kuliko tunavyomdhania.

Walawi wakawafafanulia watu maana ya yaliyosomwa, na watu walipoelewa wakaanza kulia. Hapo viongozi wakawatuliza. Wakawaambia siku hiyo si ya machozi, waende wakale vizuri na kunywa vitamu, na asiye na kitu apelekewe fungu lake. Usomaji ule uliishia kwenye karamu.

Nikitazama jinsi tunavyowasomesha watoto wetu, moyo unaniuma. Kwao kitabu huja kimeongozana na mtihani. Akikosea neno anagombezwa. Akileta utundu nyumbani anaambiwa, "Zima televisheni, kachukue kitabu usome," na hapo kusoma kumeshakuwa adhabu. Hata kanisani hatujasalimika: mtoto aliyechelewa Shule ya Jumapili hupewa mstari wa kukariri, kama anayelipa faini. Kisha akimaliza darasa la saba anafunga daftari, hatumwoni tena na kitabu mkononi, nasi tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Tuliwaonjesha uchungu, tukashangaa hawarudi.

Hivi karibuni nilipita kumsalimia bibi mmoja ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho. Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi, na mjukuu wake wa darasa la tatu akimsomea habari za Yona. Kidole cha mtoto kilikuwa chini ya mstari, kikisogea neno kwa neno. Alipofika pale samaki anapomtapika Yona pwani, bibi akasema, "Hebu rudia hapo, mume wangu." Mtoto akarudia. "Tena." Safari hii akamfanya samaki akohoe kwanza, kikohozi kikubwa cha kifuani, na wote wawili wakacheka mpaka gunzi likamponyoka bibi. Mtoto hakuwa amekosea neno lolote. Bibi alitaka tu kusikia tena, na yule mtoto alikuwa anajua kwamba kuna mtu anayemsubiri afungue ukurasa unaofuata.

Wapo wazazi wanaoniambia, "Mchungaji, nataka mwanangu asome vitabu vya maana, si hadithi za sungura." Nawaelewa, fedha ya shule haipatikani kirahisi. Lakini Kanisa katika pwani hii halikudharau hadithi. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu kule Zanzibar na ambaye amezikwa nyuma ya altare ya Kanisa Kuu la Mkunazini, aliandika ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja akazichapisha mwaka 1870. Kima na papa wamo humo, na punda wa dobi pia. Ni mtu yuleyule aliyeifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na hakuona kwamba ngano zinayanyang'anya Maandiko nafasi yake. Mtoto anayetaka kujua kima ataponaje kwa papa hahitaji kusukumwa ili asome mbele. Akishazoea kutaka kujua, siku moja atamfuata Ruthu hadi kwenye shamba la Boazi kwa hamu ileile.

Turudi kwa Ezra. Watu wengi huishia kwenye karamu, wakiacha sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Kesho yake wakuu wa koo walirudi wenyewe, wakitaka kusikia zaidi. Kitabuni humo wakakuta habari za sikukuu ya vibanda, na watu wakatoka kwenda mlimani kukata matawi ya mizeituni, mihadasi na mitende, wakajenga vibanda juu ya mapaa ya nyumba zao na nyuani. Ezra akaendelea kusoma kila siku, siku zote saba. Mfikirie mtoto wa Yerusalemu wiki ile. Analala kwenye kibanda cha matawi pamoja na baba na mama, na anajua kwamba kibanda hicho kimetoka kitabuni. Maneno yaliyosomwa juzi anaweza kuyagusa kwa mkono.

Wiki hii naomba kila nyumba ifanye hivi: baada ya chakula cha usiku, mtu mzima mmoja akae na mtoto wasome kwa furaha. Dakika kumi zinatosha. Mtoto achague mwenyewe, na akitaka kilekile cha jana, kisomwe kilekile. Akikwama kwenye neno, mtajie msonge mbele. Mkimaliza, usianze kumhoji kama msimamizi wa mtihani, ila kama yeye ana la kuuliza, msikilize. Usiyejua kusoma, fanya kama yule bibi. Mwenye simu ya intaneti atafute African Storybook, kuna hadithi za Kiswahili za watoto bila malipo.

Nimekubaliana na walimu wa Shule ya Jumapili kwamba kukariri mstari hakutakuwa adhabu tena. Na kwa kuwa viongozi wa Yerusalemu walimkumbuka asiye na kitu, naomba wenye vitabu ambavyo watoto wao wameshavipita kwa umri wavilete ofisini kabla ya Jumamosi. Jumapili baada ya ibada tutavitandaza kwenye mikeka chini ya mwembe, kila mtoto achague kimoja cha kwenda nacho nyumbani. Umoja wa akina mama umeahidi uji na maandazi.