Kofi la Salamu

Ufipani mtoto hufundishwa kusalimia kwa mwili kabla maneno ya salamu hayajamkaa kinywani. Anapiga goti au kuchuchumaa mbele ya mkubwa, anagonganisha viganja taratibu, macho chini. Kofi hilo halimpongezi mtu kwa alichofanya. Mzee hajaimba wala hajafunga goli; yupo tu, na kuwapo kwake kunatosha.

Nalikumbuka kofi hilo kila ninapoyasikia makofi ya Jumapili kanisani pale Sumbawanga, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba mnyenyekevu hutulia na mwenye furaha hurukaruka, kana kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika mwili mmoja. Mikali, binti Sauli, aliamini hivyo. Alimchungulia Daudi dirishani akicheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la agano, akamdharau: mfalme gani huyu anayejivunjia heshima mbele ya vijakazi? Lakini Daudi alikuwa amekwisha kuiweka chini heshima ambayo Mikali alitaka ailinde. Kucheza kwake ndiko kulikokuwa kupiga goti.

Wapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na baadaye misheni zao zikapanda hadi uwanda wa juu wa Ufipa. Misa yao ya Kilatini ilikuwa na nafasi ya goti, na goti Wafipa walikuwa nalo tayari. Kofi halikuwa na mahali. Kwa aliyelelewa Ulaya, nadhani, kofi lilikuwa sauti ya ukumbi wa maonyesho. Angejuaje kwamba hapa ni ndugu wa goti? Hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, Desemba 1963, ilifungua mlango, Kiswahili kikaingia altareni, na ngoma na vigelegele vikafuata. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, Roma iliidhinisha mwaka 1988 misale ambamo padre na watumishi wake huizunguka altare kwa mwendo wa kucheza.

Wapo wanaoona haya yote ni mapambo: imani imo moyoni, mwili unatangaza tu. Sikubaliani nao. Yule mtoto wa Kifipa alipiga goti kwanza, heshima ikamjia baadaye, pengine miaka mingi baadaye. Anayengoja moyo unyenyekee ndipo akunje goti atangoja sana. Hata neno letu kuabudu limetoka katika Kiarabu, katika mzizi mmoja na neno la mtumwa, na utumwa ni kazi ya mgongo na mikono. Hata jina la Sumbawanga, wenyeji wanavyolieleza, ni agizo kwa mkono: sumba wanga, tupa uchawi.

Tazama matoleo siku ya mavuno. Mama anakuja na ungo wa ulezi kichwani, kwaya imechanganya, naye anacheza. Lakini anacheza kwa kipimo: miguu inafuata ngoma, mabega yanaitikia, shingo haitikisiki, maana punje zikimwagika ametoa nini? Sijaona maelezo ya furaha nyenyekevu yanayoushinda ungo ule. Mzigo haumzuii kucheza. Unamkumbusha anampelekea nani.

Kinachonitia wasiwasi ni kingine. Siku hizi wimbo wa shukrani baada ya komunyo ukiisha, kinanda kikanyamaza, simu za kurekodi zikashushwa, kanisa zima hupiga makofi. Mikono ni ileile iliyokuwa ikipiga wimbo ukiendelea, lakini imegeuka: sasa inawaelekea wanakwaya na sare zao mpya. Kwa sikio huwezi kutofautisha. Wala mimi, niliyekaa benchi la nyuma, siwezi kuhukumu moyo wa jirani bila kuwa Mikali wa dirishani. Naweza kuuliza tu kofi langu lilikwenda kwa nani, na mara kadhaa jibu limenifedhehesha.

Basi ndugu msomaji, Jumapili ijayo wimbo ukiwa unaendelea, piga makofi, cheza, piga kigelegele ukijaliwa. Ukiisha, nakuomba, iache mikono ipumzike.