Je, Mtoto Apimwe kwa Chombo, au Chombo Kipimwe kwa Mtoto?

Liko swali ambalo wazazi na walimu hulijibu kila siku kwa vitendo, ingawa ni wachache wanaoliuliza kwa maneno. Tumpapo mtoto chombo cha kazi au cha mchezo, yatupasa kukipima chombo kwa mtoto, au kumpima mtoto kwa chombo? Tungaliweza kulijadili kwa mfano wa jembe, kwa maana ni nani kati yetu asiyepata kumwona mtoto wa miaka minane akilima kwa mpini wa baba yake? Lakini jembe tumelizoea mno, na jambo lililozoewa ni vigumu kulitazama. Basi tumechagua mfano wa mbali, yaani bunduki ya mchezo wa shabaha huko Marekani, kwa sababu bunduki iliyokosewa kipimo humwarifu mtoto kosa hilo papo hapo, tena begani.

Mchezo wenyewe ni huu. Katika kibanda kifupi imefichwa mashine irushayo kisahani chenye upana wa inchi 4 na robo hivi, nacho hukimbilia mbele kwa upande ambao mpigaji haujui kabla. Mpigaji husimama yadi 16 nyuma ya kibanda, hupaza sauti, kisahani huruka, naye hukipiga kwa marisau kabla hakijaanguka. Hupiga mara tano katika kila kituo, na vituo ni vitano. Jumla yake 25. Jina la mchezo kwa Kiingereza maana yake ni mtego, nalo ni ukumbusho wa asili isiyopendeza. Huko Uingereza, tangu karne ya 18, njiwa hai walifungiwa katika mitego, wakafunguliwa, wakapigwa wakiruka; hata katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 waliuawa njiwa wapata 300. Baadaye Wamarekani walijaribu tufe za kioo, kisha mwaka 1880 mtu wa Cincinnati, jina lake George Ligowsky, akapata hati ya serikali kwa kisahani chake cha udongo. Vya siku hizi si vya udongo tena, ni vya mawe ya chokaa yaliyosagwa na kuchanganywa na lami. Hivyo mchezo ukaachana na damu, jina likabaki.

Siku hizi wavulana na wasichana wa shule nyingi za Marekani hushindana katika mchezo huu. Sheria ya nchi ile yakataza mwenye leseni ya kuuza silaha asimwuzie bunduki mtu asiyetimiza miaka 18. Basi mtoto hawezi kujinunulia. Achaguaye ni baba au mama, na mwenye kupigwa bega ni mwingine. Hapo ndipo swali letu linapoanza, kwa kuwa maumivu hayamfikii mwenye kuchagua.

Baba aingiapo dukani hufikiri hivi: mtoto ni mdogo, basi na bunduki iwe ndogo na nyepesi. Fikira hiyo yaonekana ya huruma, na kumbe ndani yake mna kosa. Bunduki za marisau huhesabiwa kwa namba, na namba ni hesabu ya risasi za duara zenye upana wa mtutu zinazopatikana katika ratili moja ya risasi ya kuyeyusha. Ya namba 12, ratili imegawanywa kumi na mbili; ya namba 20, imegawanywa ishirini, kwa hiyo mtutu wake ni mwembamba zaidi. Baba huona namba 20 yenye uzito wa ratili 6, akaipenda, akaiacha ya namba 12 yenye ratili 8. Lakini bunduki ikirusha marisau mbele, yenyewe hurudi nyuma, na kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyorudi kwa ukali. Zote mbili zikitiwa marisau ya uzito mmoja na mwendo mmoja, tuseme sehemu saba katika nane za wakia, ile ya ratili 6 humpiga mtoto kwa nguvu iliyozidi kwa theluthi. Ya namba 12 yaweza kutiwa marisau machache vivyo hivyo. Basi ile kubwa, ikiwa mtoto aweza kuiinua bila kupinda mgongo, ndiyo iliyo pole. Ziko tena bunduki ambazo moshi wa baruti wenyewe husukuma mtambo na kutia risasi ya pili, na kazi hiyo hupunguza teke. Lakini bei yake ni kubwa kuliko ile ya risasi moja ambayo watu hupenda kumnunulia mtoto. Hivyo yule aliye dhaifu kuliko wote hupewa ile ipigayo kuliko zote, na wampao hudhani wamemhurumia.

Tuyafuate sasa yatokayo katika kosa hilo. Mtoto hupiga mara ya kwanza, huumia, hunyamaza. Mara ya kumi, mwili wake umekwisha kujifunza somo ambalo hakuna aliyemfundisha: kabla ya kufyatua, jicho hufumba, bega hujikunja, mtutu huinama. Visahani hupita vizima. Baba husema, "Kaza macho, usiogope." Mwenzake aliyepewa bunduki ya kumfaa huvunja 18, yeye huvunja 6. Hata jioni mtoto amekwisha kuamini ya kuwa yeye ni mwoga, au hana jicho, au hakuumbwa kwa mchezo ule. Kwa hukumu yetu, uovu wa jambo hili hauko katika maumivu. Maumivu ya bega huisha kwa siku mbili. Uovu uko katika ushuhuda wa uongo juu ya nafsi ya mtoto, ambao yeye mwenyewe ameukubali: kosa la chombo limeandikwa katika hesabu ya mtu, na aliyefanya kosa ndiye aliyesimama kuwa hakimu.

Wako watakaotujibu kwa mithali, ya kuwa samaki mkunje angali mbichi, na ya kuwa mtoto akitengenezewa kila kitu kwa kipimo chake hatajua kuvumilia dunia isiyompima mtu. Jibu hilo si la kudharauliwa. Nasi hatusemi mtoto aondolewe ugumu. Lakini ugumu ni wa namna mbili. Kuna ugumu ulio wa kazi yenyewe: kungoja zamu, kukosa mbele ya watu, kusimama juani, kupiga cha ishirini na tano kwa uangalifu ule ule wa cha kwanza. Huo ndio umfanyao mtoto awe stadi, na bunduki nzuri haimpunguzii hata chembe, kwa maana kisahani hakijui ni nani ampigaye. Na kuna ugumu uletwao na chombo kibaya tu. Mtoto akiuvumilia huo, hapati ustadi wowote ila wa kuvumilia chombo kibaya. Na mara nyingi hapati hata huo, huacha mchezo. Mithali yenyewe yasema samaki akunjwe, haikusema avunjwe.

Liko jambo la urefu pia. Kutoka kifyatulio hadi mwisho wa tako, bunduki ya mtu mzima hupata inchi 14 na zaidi kidogo. Watoto wengi huhitaji 12 au 13. Ikizidi, mtoto hunyosha mkono mpaka hana nguvu, huegemea nyuma, na tako hukaa mkononi badala ya begani. Shavu nalo lisipolala vema juu ya tako, jicho haliko sawa na mtutu, marisau huenda kwingine. Wazazi wayajua haya, walakini hununua ndefu kwa kusema, "Atakua." Ni kweli atakua. Lakini mwaka huu hajakua, na mwaka huu ndio anaojifunza. Mafundi wa kule wamelitatua kwa hekima tunayoipenda: hukata tako kuwa fupi, wakaweka vipande vya kuongezea mwishoni, na kila mtoto arefukapo, kipande kimoja huongezwa. Tena hutazama ni jicho gani lenye nguvu, kwa maana wako watoto wa mkono wa kuume walio na jicho la kushoto. Hao huenda wakafundishwa kupiga kwa bega la kushoto. Wasomaji wetu walio wazee watakumbuka jinsi zamani watoto walivyochapwa kwa kuandika kwa mkono wa kushoto.

Bunduki za fahari, zenye nakshi na bei ya shamba, tutazipita haraka. Baba anunuaye bunduki ya bingwa ili watu wamtazame amejinunulia mwenyewe, naye mtoto ameazimwa tu. La uzito zaidi ni la yule asiye na fedha, kwa sababu tukisema kila mtoto ana haki ya chombo kimfaacho, masikini atatuuliza akipate wapi. Jibu liko katika vikundi vya shule vyenye bunduki chache za kuazimana, zenye tako la kuongezwa na kupunguzwa. Huenda mtoto wa kikundi kama hicho akafanikiwa kuliko mwenye yake, kwa kuwa hujaribu nyingi kabla ya mtu kutoa fedha.

Hata hivyo, mtu aweza kutuuliza kwa nini tunapima tako na hatuulizi kama mtoto apewe bunduki kabisa. Swali hili ni la haki, na kwa maoni yetu ndilo la kwanza dukani, ijapokuwa tumelileta mwisho. Bunduki ya mchezo ni bunduki. Kabla ya kulipima bega, ipimwe tabia: je, mtoto huyu husimama aambiwapo simama, mara ya kwanza, bila kutaka sababu? Asiyefanya hivyo angoje, hata kama wenzake wote wamekwisha kuanza. Na akiisha kupewa, ufunguo wa sanduku la bunduki ukae kwa mzazi. Kwa ajili hiyo twaipenda ile ivunjikayo katikati, ambayo ikiwa wazi kila mtu huona kwa mbali kwamba haina kitu ndani. Na sheria ya uwanja ni kwamba bunduki ibaki wazi na tupu mpaka zamu ya mpigaji, awe bingwa au mwanafunzi, na masikio na macho yao wote yawe yamekingwa.

Basi mzazi atajuaje kama amechagua vema? Kumwuliza mtoto hakutoshi. Akiulizwa mbele ya baba aliyetoa fedha, "Je, yakuumiza?" atajibu, "La, baba," naye hasemi uongo kwa ubaya, ila kwa upendo na haya. Walimu wa mchezo wana njia nyingine. Hutia bunduki ganda lisilo na baruti bila mtoto kujua ni zamu ya lipi, wakamwacha apige kama kawaida. Kisahani huruka, mtoto hufyatua, hausikiki mshindo wo wote. Bunduki haikusogea, lakini bega la mtoto laruka, macho yafumba, na baba aliyesimama nyuma yake ayaona.